BWANA SHAMBA AZUNGUMZA: Muziki wa Kambini Usifunike Sauti ya Debe



Mwezi huu sisemi habari za mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kelele. Huenda utauliza, "Bwana Shamba na kelele, wapi na wapi?" Soma polepole mpaka mwisho. Utaona kwamba kelele zaweza kumaliza mpunga kama nguruwe anavyoumaliza.

KAMBI ZETU ZA MASHAMBANI

Sisi wa Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, tunayajua maisha ya kambi. Mvua zikianza, watu wengi hufunga nyumba zao kijijini na kuhamia mashambani. Huko hujenga vibanda vya miti na nyasi. Hulima, hupalilia na kulinda, mpaka mpunga uvunwe. Ni miezi mingi. Watoto huanza kutembea huko. Wagonjwa huugua huko na kupona huko. Kambi si mahali pa kupita. Kwa miezi hiyo, kambi ndiyo kijiji chetu.

Lakini kambini hakuna ukuta wa matofali. Ukuta wa nyasi hauzuii sauti. Mtoto akilia katika kibanda cha kwanza, wa kibanda cha mwisho anasikia. Kwa hiyo kila sauti ya kambini ni ya watu wote, wapende wasipende.

Tena kambini tunazo kelele za kazi. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea huja. Ndege mmoja aweza kula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Gramu 10 ni kidogo sana. Lakini hebu tupige hesabu. Ndege 100,000 wakila hivyo, kwa siku moja wamekula kilo 1,000. Hizo ni gunia 10 za kilo 100. Ndiyo maana tunaamia ndege toka alfajiri mpaka jua linapokuchwa. Tunapiga mayowe, tunapiga madebe, tunarusha mawe kwa kombeo.

Usiku zamu hugeuka. Nguruwe pori hutoka vichakani. Viboko hutoka mtoni. Mahali pengine hutoka tembo. Mlinzi hukaa juu ya dungu na debe lake. Akisikia mnyama, hupiga debe.

Debe hilo lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumshtua mnyama. Kazi ya pili ni kuwaita majirani. Kazi hii ya pili ndiyo kubwa. Mtu mmoja hafukuzi kundi la nguruwe. Akiwatoa upande huu, wanaingia upande ule. Watu 10 wanaweza. Wazee walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Debe la usiku ndiyo mbiu ya kambi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Sioni haya kulisema, maana nataka wengine wasilirudie.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka 2019. Nilikwenda kwenye kambi moja kufundisha uvunaji wa mpunga kwa wakati. Kambi ilikuwa na vibanda kama 30. Katika pikipiki yangu nilipakia spika kubwa ya kuchaji. Nilitaka muziki uwavute watu. Kweli, walivutika. Jioni walikuja wengi, wakasikiliza somo, wakauliza maswali mazuri.

Somo likaisha. Vijana wakaniambia, "Bwana Shamba, tuachie muziki kidogo. Huku burudani hakuna." Nikasema, "Pigeni tu. Kesho nitaichukua spika yangu." Nami sikwenda kulala. Nilikaa pale pale, nikinywa chai na kutazama vijana wakicheza. Saa 3 ikapita. Saa 4 ikapita. Hakuna aliyekataza, maana Bwana Shamba mwenyewe alikuwapo.

Karibu saa 5 usiku, mtoto akatokea gizani. Alikuwa mvulana wa miaka kama 10. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, akihema. Alisema neno, lakini hatukulisikia kwa ajili ya muziki. Akasema tena kwa kupiga kelele. Kijana mmoja akazima spika.

Ndugu msomaji, tulipozima ndipo tulipolisikia debe. Lilikuwa likilia upande wa mtoni, hatua kama 400 kutoka pale. Lilikuwa likilia muda wote.

Tulikimbia na tochi. Tulimkuta bibi wa yule mtoto, mjane, amesimama katikati ya shamba lake la nusu eka. Debe lilikuwa mkononi. Nguruwe walikuwa wameondoka. Karibu nusu ya mpunga ilikuwa imelala chini, imekanyagwa na kutafunwa. Ulikuwa umebakia wiki mbili tu kuvunwa.

Bibi yule hakutugombeza. Aliniambia, "Mwanangu, nilipiga debe mpaka mkono ukachoka. Nilidhani mmenisikia, mkaamua kutokuja."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Hasara ya mpunga ni kubwa. Lakini kuna hasara nyingine. Mtu amekaa peke yake gizani, akiamini kwamba majirani zake wamemsikia, nao wamekataa kuja. Tena mjukuu wake amekatiza usiku kando ya mto wenye viboko, kwa sababu debe halikutosha kutuita. Angekutana na kiboko njiani, leo ningeandika habari nyingine kabisa.

Asubuhi tulifanya kikao. Watu wa kambi walikubali kwamba wakati wa mavuno kila kibanda kitampa bibi debe moja la mpunga. Mimi nilitoa mawili. Lakini tulijua kwamba kulipa siyo dawa. Dawa ni kupatana juu ya muziki. Tukabaki pale pale mpaka tukapatana.

"MUZIKI UNAFUKUZA NGURUWE"

Kikaoni kijana mmoja alisema, "Muziki nao unasaidia. Nguruwe wakiusikia wanaogopa." Wengi wanaamini hivyo. Basi tuliangalie jambo hili.

Ni kweli, mnyama akisikia sauti ngeni hushtuka. Usiku wa kwanza atakimbia. Usiku wa pili atasimama mbali na kusikiliza. Akiona kwamba sauti ile haimfuati, haimpigi, na kila siku iko pale pale, atazoea. Mwisho atakula mpunga huku muziki unalia. Ni kama ndege na sanamu ya matambara. Sanamu isiyosogea, baada ya siku chache ndege hutua kichwani mwake.

Mnyama huogopa sauti ambayo nyuma yake ipo hatari. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Kenya walitoa habari ya tembo na nyuki. Waliwapigia tembo sauti ya nyuki waliochokozwa, kwa kutumia spika. Tembo wengi waliondoka mara moja. Kwa nini? Kwa sababu tembo anajua kwamba nyuki huuma, hata ndani ya mkonga. Ndiyo maana leo wakulima wa sehemu mbalimbali hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba. Uzio wao una mlio, na pia una mwiba.

Basi, debe linalolia kwa ghafula, na watu wakaja na tochi, lina hatari nyuma yake. Muziki unaolia usiku kucha hauna kitu nyuma yake.

KWA NINI SAUTI YA USIKU HUENDA MBALI

Watu wengine husema, "Mchana napiga muziki huu huu na hakuna anayelalamika. Kwa nini usiku?"

Sababu ni hii. Mchana ardhi ina joto. Sauti hupanda juu na kupotea. Tena mchana kuna kelele nyingi za kazi. Usiku usio na upepo wala mawingu, ardhi hupoa. Hewa ya chini huwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Sauti inayopanda hupinda na kurudi chini. Kwa hiyo spika ile ile, bila kuongezwa, usiku hufika mbali zaidi.

Sauti nene za mdundo ndizo zinazosumbua zaidi. Sauti nyembamba hupungua njiani. Mdundo hupita katika nyasi na miti, ukamfikia mtu aliyelala. Hasikii maneno ya wimbo. Anasikia kishindo tu.

Na kwa nini hatukulisikia debe? Kwa sababu sauti kubwa ya karibu hufunika sauti ndogo ya mbali. Huwezi kumwona kimulimuli karibu na karabai. Kimulimuli yupo na anawaka, lakini karabai imemfunika.

Kumbukeni pia usingizi. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Watoto wanahitaji zaidi ya hapo. Anayeamia ndege huamka kabla ya jua. Mtu aliyelala saa 3 tu husinzia juu ya dungu, na ndege hawasinzii.

Yatazameni pia masikio yenu. Ukisimama karibu na spika, na mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja hawezi kukusikia mpaka upige kelele, basi sauti hiyo inaweza kuharibu masikio ukikaa nayo muda mrefu. Masikio yakifa hayafufuki.

MAPATANO YA KAMBI

Haya ndiyo tuliyopatana kambini siku ile. Yatazameni, myarekebishe yafae kambi yenu.

1. Muziki wa wote ni toka kazi inapokwisha jioni mpaka saa 3 usiku. Baada ya hapo spika huzimwa. Anayetaka kusikiliza redio, aisikilize ndani ya kibanda chake, kwa sauti isiyovuka ukuta.

2. Spika ina mtu wa kuiangalia. Kila jioni anatajwa mtu mmoja. Huyo halewi. Kazi yake ni kuzima saa ikifika, na kuzima mara moja debe likilia.

3. Sauti ipimwe kwa debe. Usiku mmoja, mtu apande dungu lililo mbali kuliko yote, apige debe. Wengine wakae penye spika. Wapunguze muziki mpaka walisikie debe vizuri. Kama spika inaonyesha tarakimu, wakumbuke tarakimu hiyo. Kama haionyeshi, waweke alama ya rangi. Hapo ndipo mwisho. Haipandi zaidi.

4. Spika iwekwe chini, igeuzwe kutazama wachezaji, siyo vibanda. Mtazame na upepo. Upepo utoke vibandani uende penye spika. Ukitoka penye spika uende vibandani, utabeba sauti yote.

5. Debe lina lugha. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, maana yake ni nguruwe: njooni. Mapigo mfululizo, maana yake ni tembo au kiboko: wakusanyeni watoto, msikimbilie shambani. Kwa wanyama hao wakubwa, watu wakae pamoja, wakae mbali, na apelekewe habari askari wa wanyamapori au uongozi wa kijiji. Mpunga hulimwa tena. Mtu halimwi.

6. Hakuna anayepiga debe kwa mchezo usiku. Watoto wafundishwe. Anayepiga debe bure leo, kesho akipiga kwa shida hataaminiwa.

7. Kukiwa na mgonjwa mahututi, mama aliyejifungua, au msiba, muziki hakuna. Jambo hili halihitaji kuandikwa, lakini tumeliandika.

8. Harusi na ngoma zipo, wala hatuzikatazi. Mwenye shughuli atoe habari siku tatu kabla, kwa kambi yake na kambi za jirani. Usiku huo walinzi waongezwe, na kila baada ya nyimbo chache ngoma isimame watu wasikilize.

Neno la 8 lilitoka kwa mzee mmoja. Alisema, "Zamani tulicheza ngoma kambini mpaka usiku wa manane. Lakini mpigaji akichoka, ngoma husimama. Hapo tulisikia mto, tulisikia mbwa, tulisikia na debe. Spika yenu haichoki." Vijana walicheka, lakini walilielewa neno lile.

NAMNA YA KUMWAMBIA JIRANI

Mapatano yakiwapo, bado atatokea wa kusahau. Namna ya kumwambia ni jambo kubwa. Ukimwendea usiku na hasira, mbele ya wenzake, atapandisha sauti ili asionekane ameshindwa. Ukimkatia waya, mtagombana mpaka msimu uishe. Kama hakuna hatari usiku ule, ngoja asubuhi. Mwende mkazungumze kwa heshima. Mzee mmoja wa kambi ile alifanya hivi:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama, babu."

"Nyimbo zako za jana nilizisikia zote. Nzuri. Lakini dungu langu liko upande wa mtoni. Mlinzi kwanza husikia majani yakilia, ndipo huona mnyama. Jana sikusikia majani. Nilisikia nyimbo zako tu. Leo nisaidie, ikifika saa 3 unizimie."

"Samahani, babu. Sikujua kama inafika huko. Nitazima."

Tazama, ndugu msomaji. Mzee hakumtukana kijana wala muziki wake. Alimweleza jambo ambalo kijana hakulijua. Watu wengi wenye kelele si wabaya. Hawajui tu sauti yao inafika wapi.

Nao wazee wasiwe wa kukataza kila kitu. Vijana wamekaa porini miezi mingi. Wakinyimwa hata saa moja ya muziki, watakwenda kuutafuta mbali usiku, na kambi itabaki bila watu wa kufukuza nguruwe.

SHERIA IPO

Wako watakaosema, "Spika ni yangu, betri ni yangu." Wajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kelele zinazozidi viwango vilivyowekwa. Na kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Wananchi hushauriwa kwanza katika mkutano wa kijiji, kisha sheria ndogo hupelekwa halmashauri ya wilaya ili ikubaliwe. Kambi zilizo ndani ya mipaka ya kijiji zinaweza kuwekwa katika sheria hiyo. Lakini mapatano ya wenyewe ni bora kuliko faini. Faini humlipa mwenye ofisi. Mapatano humlinda mwenye dungu.

MSIMU ULIOFUATA

Nilirudi katika kambi ile mwaka 2021. Nilikuta spika imewekwa chini ya mwembe, imetiwa alama nyekundu. Sikusema kwamba kila siku walizima saa 3 kamili. Siku nyingine ilipita saa 3 na nusu, na wazee walinung'unika. Lakini nililiona jambo moja kwa macho yangu. Usiku, wimbo ukiwa katikati, kijana mwenye zamu alinyoosha kidole. Alikuwa amesikia kitu. Akazima. Watu wote wakanyamaza papo hapo, hata watoto.

Halikuwa debe. Ulikuwa mlango wa bati uliopigwa na upepo. Wakacheka, wakawasha tena.

Yule bibi alikuwa amekaa pembeni na mjukuu wake. Mvulana amekuwa mrefu sasa. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za shamba. Akajibu, "Shamba jema, mwanangu. Siku hizi nikipiga debe mara moja tu, nasikia muziki umekatika. Nikisikia umekatika, najua mnakuja."

Basi, ndugu wakulima, chezeni, imbeni, furahini. Lakini muziki wenu uache nafasi ya kumsikia jirani anayeita.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Debe la usiku lina kazi gani mbili?
2. Kwa nini nguruwe huzoea muziki unaolia usiku kucha?
3. Katika kambi yenu, dungu lililo mbali kuliko yote liko wapi? Je, debe lake linasikika muziki ukilia?
4. Debe likilia kwa tembo, watu wafanye nini? Wasifanye nini?
5. Andikeni mapatano matatu ya muziki yanayofaa kambi yenu. Yasomeni kwa sauti mbele ya wenzenu.

Mwezi ujao, nikijaliwa, tutazungumza juu ya kukausha mpunga. Kazi njema.